Jivu Ndani ya Kompyuta ya Somanda

Haya nimeyasikia kwa Josia mwenyewe, jirani yangu hapa Somanda, mjini Bariadi, tumepakana ukuta. Anayetaka kubisha akabishane naye, kama atakubali kufungua mlango.

Jumatatu ile Josia alifungua studio ya picha anakofanya kazi, kama siku zote. Alifagia, akamwagia maji mlangoni ili vumbi litulie, akazungusha tarehe kwenye muhuri wa Mama Wilhelmina, mwenye studio, maana yule mama hataki picha itoke bila muhuri na tarehe kwa nyuma. Halafu akawasha kompyuta. Ni mwaka 2005 huo, soko huria limeshatuletea mitumba ya kila namna hadi Bariadi, viatu, redio, na kompyuta yenyewe, ambayo ilitoka Mwanza imeviringishwa kwenye godoro. Ndani yake zilikuwemo picha za wanafunzi mia mbili wa darasa la saba, na walimu walikuwa wanazisubiri.

Lakini Josia alikuwa na picha moja ya kufuta kwanza.

Picha hiyo aliitengeneza mwezi wa nne. Mkulima mmoja wa pamba kutoka njia ya Maswa, jina lake Mahona, aliingia na picha ya harusi. "Mwangaluka," akasalimia kwa adabu zote, akakaa, akamwonyesha kikongwe mmoja mstari wa nyuma. Alikuwa shangazi yake, Minza.

"Mtoe huyu peke yake. Sura tu."

"Macho niyarekebishe? Mekundu mno haya."

"Yaache. Tena yakoleze."

Josia akacheka, akayakoleza. Akaitoa, akaikata, na kona ya chini kushoto akaipitisha mkasi mshazari kidogo, alama yake tangu anajifunza kazi. Mahona akashukuru akaondoka.

Jamani, Msukuma gani asiyejua watu wenye roho mbaya wanasema nini wakiona kikongwe mwenye macho mekundu? Mchawi huyo! Ni moshi tu ule! Miaka hamsini mtu anapikia samadi kavu, macho yatabaki meupe? Haya, nenda kawaambie. Wiki mbili baadaye Bibi Minza alikutwa jikoni kwake amekatwa mapanga. Waliomuua walitoka mbali, hawamjui, ila walipewa picha ya kumtambulia. Josia aliipata habari hiyo gengeni, kikombe cha chai mkononi, akaimaliza chai akarudi studio. Polisi hakwenda. Alijiambia kazi ni kazi. Mimi namlaumu, na nimeshamwambia usoni.

Na kilichomkosesha raha hakikuwa Minza peke yake. Mama yake mzazi, Nyanjige, alikuwa akiishi peke yake Lalago, mbele ya Maswa, na macho yake yalikuwa yale yale. Msimu ule jirani yake alifiwa na ng'ombe watatu, watu wakaanza kumwangalia mama wa watu upande upande. Josia alikwenda kumwona, akataka walau ampige picha ya ukumbusho. Mama alikataa. Hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote, na hakutaka kuanza uzeeni.

"Basi, mayu," Josia akamwambia, "nikimaliza za wanafunzi nakuja kukuchukua. Utakaa na mimi mjini."

Alitaka hilo tu. Afute ile picha, amalize kazi, akamchukue mama yake.

Akaifungua kwanza ahakikishe ndiyo yenyewe. Mashine ilikuwa nzee, picha zilijichora polepole kutoka juu kwenda chini. Kitambaa cha kichwani. Paji la uso. Macho. Hapo hapo kioo kikajaa mistari ya kijani na zambarau, kisha kikawa giza.

Hakushtuka. Alifungua kasha, akachomoa kadi ya picha, kile kibao kinachopeleka picha kwenye kioo, akayasugua meno ya kadi kwa ufutio wa shule, akairudisha. Giza. Akabadilisha memori. Giza. Akaazima saplai ya umeme kwa jirani. Giza vile vile. Mwishowe akapuliza feni ndogo ya kadi, na jivu likamrukia usoni. Lilikuwa jeupe, laini, linanuka samadi iliyoungua. Studio ile haina jiko. Hata chai wanaletewa.

Akampigia Shigela, muuza vipuri wa Mwanza.

"Kadi za mtumba hizo zina ugonjwa wake, mdogo wangu," Shigela akasema. "Na umeme wenu huko unarukaruka. Nakutumia nyingine kwa basi."

Kadi ya pili ilifika Jumanne na ikawaka vizuri. Josia akatoa picha za wanafunzi thelathini bila tatizo, Mama Wilhelmina akaanza kuimba pambio. Angeishia hapo! Lakini mkono ulikuwa unamwasha. Alifungua lile faili ahakikishe tena kabla ya kulifuta. Kitambaa. Paji. Macho. Mistari. Giza. Alipoichomoa kadi, jivu lilikuwa jingi zaidi, na lilikuwa bado la moto.

Utaniuliza, si angechomoa diski akaitupa chooni? Diski ndiyo iliyobeba wanafunzi wote wale, na kuna wengine walishahama na wazazi wao. Asingewapata tena.

"Mama," akamwambia Wilhelmina, "naomba ruhusa niende Lalago."

"Uniachie mashine imekufa? Walimu wanakuja Ijumaa! Josia, hebu niambie ukweli, hii kompyuta umeiroga?"

Josia akabaki, akampigia Shigela tena.

Kadi ya tatu ilikuja na basi la Jumatano. Josia aliifunga saa nane mchana, jua kali nje, pikipiki zinapiga honi barabarani. Aliapa kutogusa lile faili. Hakuligusa. Lilifunguka lenyewe.

Kitambaa kikajichora. Hakikuwa kile cha Minza. Kilikuwa cha bluu chenye maua ya njano. Josia alikijua. Alikinunua mwenyewe sokoni Bariadi wakati wa Krismasi.

Paji la uso. Kovu juu ya nyusi, pale ng'ombe alipomchoma pembe.

Macho. Mekundu. Yamekolezwa.

"Mayu," akanong'ona.

Mistari. Giza.

Alimwita Wilhelmina kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia nyumbani. Mama akaja mbio, akatazama kioo, hakuona kitu, lakini harufu ya moshi aliisikia. Hakuuliza tena habari ya walimu. Alichomoa kadi kwa mkono wake, akaifunga kwenye kanga, akafunga na studio.

"Nenda kwa mama yako," akasema taratibu. "Kesho sifungui. Nenda."

Alhamisi alfajiri Josia alikuwa stendi. Basi la Maswa lilikuwa limekatika springi. Wakamwambia saa nne. Saa nne wakamwambia saa nane. Lori la pamba lilipita limejaa hadi juu, dereva akatikisa kichwa. Lalago kwa mama hakukuwa na simu ya kupiga. Alikaa pale stendi hadi jioni na mfuko wake magotini, mtu mzima, analia mbele za watu. Hakuna alichoweza kufanya.

Aliondoka Ijumaa. Alipofika Lalago jua lilikuwa kichwani, na aliona kutoka mbali watu wamekaa chini uani kwa mama yake. Wanaume upande mmoja. Wanawake upande mwingine. Hakuna aliyesimama kumpokea mfuko.

Milembe, jirani wa mama, ndiye aliyemfuata. Alimshika mkono.

"Ni usiku wa kuamkia leo, mwanangu. Jikoni. Hatukusikia hata kelele."

Josia alikaa chini pale pale alipokuwa.

"Waliangusha hii mlangoni," Milembe akanong'ona, akafungua fundo la kanga yake.

Ilikuwa picha ndogo. Sura tu. Kitambaa cha bluu chenye maua ya njano. Kovu. Macho mekundu. Josia aliigeuza. Nyuma kulikuwa na muhuri wa Mama Wilhelmina, wino haujafifia. Tarehe 2 Juni 2005. Ndiyo Alhamisi ile. Alhamisi ambayo studio ilikuwa imefungwa, mashine haina kadi, na muhuri haukuzungushwa na mtu.

Wanaume walikuwa wameinuka, wamewazunguka.

"Wewe si ndiye fundi wa picha, Josia?" Milembe akauliza. "Sisi hatujui mambo haya. Tuambie, mwanangu. Nani kaitengeneza?"

Josia akaigeuza tena. Kona ya chini kushoto ilikuwa imekatwa mshazari.