Mpiga Ishara na Kiingereza cha Injinia

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na nne mwezi wa pili, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu nyapara aliiandika kwenye karatasi, na chini yake akaandika kosa langu. Kosa la wakubwa hakuliandika. Labda karatasi ilikuwa ndogo.

Mimi ni mpiga ishara wa winchi. Winchi ni ile mashine ndefu inayonyanyua mizigo kwenye majengo. Dereva wake anakaa juu kabisa, ndani ya kibanda cha vioo, na mara nyingi haoni mzigo unatua wapi. Mimi ndiye macho yake. Nikielekeza kidole juu na kukizungusha, anapandisha. Nikikielekeza chini na kukizungusha, anashusha. Nikinyoosha mkono, kiganja kikiwa chini, nikaupeleka huku na huku, anasimamisha papo hapo. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kazini wananiita Mikono.

Miaka yote hiyo injinia alikuwa mtu wa lugha yetu. Mwezi wa kwanza wakubwa wakatuletea injinia mpya. Si mtu mbaya. Anasalimia kila mtu, hata anayefagia. Lakini anajua Kiingereza tu, na sisi mafundi na vibarua tuko arobaini, wenye Kiingereza cha kuokoteza. Hakuna aliyetuita tukae chini, tukubaliane tutaelewanaje. Tuligawiwa redio za mkononi, tukaambiwa kazi iendelee.

Jumatano ile nilisimama katikati ya uwanja. Matofali yalifungwa getini, winchi ikayanyanyua, yakawa yanakwenda ghorofa ya pili. Huko juu kulikuwa na ukuta uliojengwa asubuhi hiyo hiyo, bado mbichi. Injinia alisimama karibu nao. Akaniambia kwenye redio, "Take it to the gate."

"Gate" nililijua, ni geti. "Take" nililijua pia, au nilidhani nalijua. Shule niliishia darasa la nne, na huko tuliimba: take, chukua, take, chukua. Basi nikaelewa hivi: chukua mzigo wa getini. Nikajiambia, huyu naye vipi? Si ndio huu nimeshauchukua?

Nikajibu, "Yes, sir." Nikaendelea kuupeleka juu.

Kumbe alitaka mzigo urudishwe getini mpaka ukuta ukauke. Mzigo ukaugusa ukuta, ukuta ukalala wote. Fundi mmoja, tunayemwita Twiga kwa urefu wake, akaruka kuukwepa. Akatua vibaya, mguu ukateguka.

"We Mikono!" alipiga kelele akiwa amekaa chini, ameshika mguu. "Unataka kuniua na wanangu bado wadogo?"

Alasiri tangazo likabandikwa. Wapiga ishara wote watafanya mtihani wa Kiingereza baada ya wiki mbili. Atakayeshindwa ataondolewa kwenye winchi na kupelekwa kuchekecha mchanga.

Wapiga ishara wote ni mimi peke yangu. Nina miaka hamsini na saba, na mgongo wangu ulishachoka zamani. Kumpeleka mtu kama mimi mchangani ni kumwambia aende zake nyumbani, ila kwa lugha ya adabu.

Nyumbani tunaishi wawili, mimi na binti yangu wa kidato cha tatu. Mama yake alifariki miaka minne iliyopita. Marehemu ndiye aliyekuwa akisoma kila karatasi iliyoingia nyumba hii. Kazi yangu ilikuwa kuweka sahihi pale aliponionyesha kwa kidole. Tangu atutoke, karatasi zimezidi. Sijui kwa nini ofisi hupenda sana kumwandikia mtu aliyefiwa na msomaji wake.

Binti yangu aliniandikia orodha ya maneno arobaini. Kila jioni baada ya chakula alinihoji.

"Baba, bring?"

"Leta."

"Take?"

"Chukua."

"Raise?"

"Inua."

"Rise?"

"Inua... hapana. Amka? Panda?"

"Baba! Jana ulilijua!"

"Usinifokee, mama. Mfokee aliyeyafananisha."

Jioni nilikuwa nayajua yote. Asubuhi yalikuwa yamenitoka, kama maji kwenye chekeche lile lile walilokuwa wananiandalia.

Jumapili asubuhi jirani yetu akabisha hodi. Tunamwita Mama Simu. Kabla hajastaafu alikuwa mpokea simu kwenye ofisi ya wageni wanaozungumza Kiingereza, kwa miaka ishirini na mbili. Alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu mke wangu, kwa hiyo mimi na yeye tunaitana shemeji.

"Shemeji, nimekuja kuazima pasi. Yangu imezima kabisa." Akaiona orodha mezani. Akavaa miwani. "Nani kakupa sumu hii?"

"Ni mimi, mama mkubwa," binti yangu akasema kwa sauti ndogo.

"Mwandiko mzuri, mwanangu. Lakini unamchosha baba yako bure. Neno la Kiingereza na neno la kwetu hayajafunga ndoa, kwamba kila moja lina mwenzake mmoja tu. Take si chukua peke yake. Mara nyingi take ni peleka."

"Sasa nitajuaje?" nikauliza.

"Kazini, kabla hujapiga ishara, unaangalia nini?"

"Mzigo uko wapi na unakwenda wapi."

"Basi Kiingereza unakijua nusu! Mimi kwenye simu sikumwona mtu. Mtu anasema, niletewe gari. Namuuliza kwanza, uko wapi? Fanya hivyo hivyo. Jiulize, anayesema amesimama wapi? Kitu kikija alipo, bring. Kikitoka hapo kwenda kwingine, take."

Akaenda akasimama mlangoni. "Bring the iron."

Nikampelekea pasi.

"Take the iron to the table."

Nikaichukua kwake, nikaipeleka mezani.

"Umeona? Sasa weka ishara. Bring, vuta mkono kifuani. Take, usukume mbali nawe, kule kitu kinakokwenda."

Nilifanya mara kumi. Mikono ikashika kabla ya kichwa.

Akanyanyua kigoda. "I raise the stool. Kigoda kingejinyanyua chenyewe?"

"Labda cha mchawi."

"Basi palipo na mkono wa mtu, ni raise. Haya, tazama kikombe chako. Mvuke wa chai unapanda. Nani anaupandisha?"

"Hakuna."

"The steam rises. Kinachopanda chenyewe, rise. Jua rises. Moshi rises."

"Na bei za vitu, mama mkubwa?" binti yangu akauliza.

"Ukiwauliza wakubwa, prices rise, zinapanda zenyewe tu. Ukiniuliza mimi, kuna mkono wa mtu."

Hapo nilielewa kuliko pote.

"Na hii pasi?" Mama Simu akaendelea. "Kwetu naweza kusema naazima pasi kwako, na wewe ukasema umeniazima. Kiingereza kinataka kujua pasi inatoka kwa nani. Wewe inakutoka, you lend. Mimi naipokea, I borrow."

"Na usipoirudisha?"

"Hilo lina neno lake, shemeji, na polisi wanalijua."

Tulicheka. Zamani nyumba hii ilikuwa na kicheko kila siku. Kisha akaketi, akaniangalia.

"Siku ile injinia aliposema, ulimjibuje?"

"Yes, sir."

"Ulikuwa umeelewa?"

"Nilidhani."

"Shemeji, take halikuangusha ukuta. Kilichouangusha ni hiyo yes. Winchini, ukiwa huna hakika, unafanyaje?"

"Nasimamisha."

"Na Kiingereza mbona hukukisimamisha?"

Ukweli ni kwamba niliona haya. Mtu wa darasa la nne huona haya kuuliza hata pale ambapo profesa angeuliza.

Orodha tukaiweka kando. Binti yangu akaniandikia sentensi nzima, na pembeni ya kila sentensi akachora mtu na mshale. Nilizisoma kwa sauti nikipiga ishara. Wapita njia walichungulia dirishani wakadhani nimepata wazimu. Na wakati mwingine sentensi tulizitunga kwa kazi za humo humo ndani. Take the plates to the kitchen. Bring me my shoes. Binti yangu alifaidi sana, maana mimi ndiye niliyekuwa nabeba vyombo.

Siku ya mtihani mafundi na vibarua wakajaa uwanjani kama wanaangalia mpira. Twiga alikuja na fimbo yake. Nyapara alishika karatasi. Injinia alisimama mita ishirini kutoka kwangu. Winchi ilikuwa na mzigo mmoja wa mbao.

"Raise it."

Kidole juu, nikakizungusha. Mzigo ukapanda.

"Bring it to me."

Nikatazama alipo. Mzigo ukamfuata.

"Take it to the wall."

Nikaupeleka ukutani, taratibu. Nikamsikia Twiga anasema, "Leo ukuta umepona."

Kisha injinia akasema, "Okay, move it over."

"Move" nililijua, ni sogeza. Lakini mzigo usogezwe wapi? Kwake? Getini? Yes ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Nikaimeza. Nikanyoosha mkono, kiganja chini, nikaupeleka huku na huku.

Winchi ikasimama.

"Habari yake imekwisha," nyapara akasema, akashika kalamu.

Nikabonyeza redio. "Sir, bring or take? Where?"

Injinia akanitazama. Akautazama mzigo. Akajikuna shingo chini ya helmeti. Ndipo alipoona kwamba hakusema mzigo uende wapi.

"Sorry," akasema. "Take it. To the gate."

Mzigo ukaenda getini, ukatua bila kishindo. Injinia akaja mpaka nilipo, akanipa mkono. Akaomba nimwonyeshe tena ishara ya kusimamisha. Akaiga, lakini kiganja kikatazama juu kama mtu anayeomba mvua. Nikamshika mkono, nikaugeuza. Nyapara aliandika kitu kifupi kwenye karatasi yake, akaondoka.

Nilibaki kwenye winchi.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kazi, tunakutana dakika kumi. Injinia anasema neno, sisi tunaonyesha kwa mkono mzigo unakwenda wapi. Halafu tunabadilishana, sisi tunapiga ishara naye anataja neno. Asiyeelewa ananyoosha mkono, kazi inasimama, anaelezwa. Hakuna anayechekwa, isipokuwa Twiga, naye anachekwa kwa mambo mengine. Mguu wake umepona. Miezi mitatu imepita, na hakuna mzigo hata mmoja uliotua pasipotakiwa.

Wakubwa walisikia, wakaja na gari lao. Walipiga picha. Mmoja akasimama akasema huu ni mpango wao walioubuni kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi. Tulipiga makofi, maana ndivyo tulivyoambiwa. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali.

Nikanyoosha mkono, nikauliza moja tu. Walitazamana. Wakasema ni swali zuri, watalipeleka ofisini, jibu litakuja. Hii ni wiki ya sita.

Niliuliza hivi: mimi nilipewa wiki mbili kujifunza lugha ya mtu mmoja, ama niende mchangani, je, huyo mtu mmoja anayeongoza watu arobaini, mtihani wake wa lugha yetu ni lini?