Glasi Mbili za Poti Nyekundu

"Fundi Bomba ni nani?"

Kidosho alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko dogo la nyuma ya duka, simu ya mchumba wake mkononi. Ulimi alikuwa anakausha glasi kwa kitambaa. Hakugeuka.

"Si yule fundi wa bomba la bafuni? Lile linalovuja."

"Bomba la bafuni nilishalikaza mimi mwenyewe. Sikiliza anachokuandikia huyo fundi wako." Akasoma kwa sauti: "'Leo umejitahidi, nimefurahi sana. Kesho tutaanza na waridi. Uje hujala kitu.' Tangu lini bomba likazibwa kwa waridi?"

Glasi ikamponyoka Ulimi, ikapasukia kwenye sinki.

"Siku hizi unapekua simu yangu?"

"Imelia mezani mbele ya macho yangu. Usinigeuzie kibao. Ni mwanamke?"

"Ni mwanamke, lakini..."

"Basi."

"Siyo unavyofikiri, mpenzi."

"Nifikirie nini? Kadi za harusi zimeshatoka. Mama yangu ameshaalika mpaka watu asiosalimiana nao. Hebu niambie, nifikirie nini?"

Ulimi alianza kuokota vipande vya glasi. Sauti ya Shangazi ikaingia kutoka upande wa mbele:

"Nyie wawili! Mgeni ameshafika. Ugomvi mwekeeni akiba, ndoa ni ndefu!"

Shangazi ndiye mwenye duka hilo la divai. Alikuwa dada wa baba yake Ulimi, na ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo. Kazi ya Ulimi ilikuwa kuonja. Kila mzigo ulioingia, yeye ndiye aliyefungua chupa ya kwanza na kusema kama unafaa kuuzwa. Wateja wenyewe ndio waliompa jina hilo la Ulimi. Akisema nunua, wananunua. Akikunja uso, chupa inarudi kwenye rafu.

Kidosho alikuwa mtunza ghala. Alikuwa, kwa sababu sasa hakuwa tena. Miezi michache nyuma, wateja walirudisha divai nyekundu wakilalamika kwamba inanuka. Ulimi alikuwa ameuonja mzigo ule ulipoingia na kusema ni mzuri. Kwa hiyo ikaonekana kosa ni la ghala: limeachwa likapata unyevu, ukungu ukaingia kwenye vizibo. Kidosho aliapa kwamba ghala lilikuwa kavu kama unga. Hakuna aliyemsikiliza. Shangazi akamnyang'anya kazi na kumweka kwenye kuosha glasi na kumiminia wageni.

"Sikufukuzi," alimwambia mbele ya wafanyakazi wote, "kwa sababu tu wewe ni mkwe wangu mtarajiwa."

Maneno yale yalimkaa moyoni kama mwiba wa samaki. Siku ile Ulimi alimpapasa mgongo na kumwambia, "Yatapita, mpenzi."

Mgeni wa leo alikuwa msimamizi wa vinywaji wa hoteli kubwa. Alikuwa anatafuta poti, ile divai nzito na tamu inayoongezwa pombe kali kabla sukari yake haijaisha. Alitaka rubi, aina iliyo changa na nyekundu kuliko zote, ambayo bei yake haimkimbizi mtu.

"Wageni wangu wanapenda kitu kitamu baada ya chakula," alisema akivuta kiti. "Nataka ya bei nafuu, lakini isiyonitia aibu."

"Hapo umefika," Shangazi akajibu. Alikuwa ameshatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba akiipata hoteli hii, duka atawaachia maharusi waliendeshe.

Kidosho alifungua chupa ya kwanza. Harufu yake ilimfikia kabla hata hajamimina: matunda yaliyoiva mpaka yanapasuka. Akamimina glasi, akasogea nyuma. Alikuwa anamtazama Ulimi mikono, kwa sababu uso wake hakuweza kuutazama.

Msimamizi akanusa, akanywa kidogo, akaizungusha mdomoni. "Mimi naipata cheri. Na pilipili manga kwa mbali."

"Mimi naona imefanana na marehemu mama mkwe wangu," alisema Shangazi. "Inakupokea kwa utamu, halafu inakukaba kooni."

Wakacheka. Ulimi akacheka pia, kisha akasema, "Kweli, cheri ipo. Zambarau pia, na mwishoni chokoleti chungu."

"Hiyo chokoleti sikuiona," msimamizi akasema, akanywa tena. "Ndiyo, naona ipo. Haya, tuione ya pili."

Kidosho alipovuta kizibo cha chupa ya pili, alirudisha uso nyuma. Ilinuka kadibodi iliyolowa. Ilinuka gunia lililosahauliwa kwenye pembe ya chumba. Ilikuwa harufu ileile ya chupa zilizorudishwa.

"Shangazi, hii chupa..."

"Mimina, mkwe wangu. Mgeni hakuja kuangalia kizibo."

Akamimina. Alijua Ulimi ataikataa mara moja. Pamoja na hasira zote alizokuwa nazo, kwenye hilo alimwamini. Hakuna mtu mwenye pua ambaye angeipitisha chupa ile.

Ulimi hakuinua glasi. Alisubiri. Kidosho akakumbuka ghafla kwamba siku hizi Ulimi huwa wa mwisho kusema. Zamani alikuwa wa kwanza, mpaka Shangazi akawa anamkemea kwamba anawaharibia wengine utamu.

"Safari hii anza wewe, bwana mtaalamu," msimamizi akasema huku akitabasamu. "Sisi tutakufuata."

"Hapana, mgeni kwanza."

"Mgeni amekataa. Anza."

Ulimi akaishika glasi kwenye shina. Akaizungusha, akaingiza pua, akafumba macho kama alivyozoea. Kidosho alimwomba kimoyomoyo. *Ikatae. Ikatae sasa hivi.*

"Hii ni nzuri zaidi," Ulimi akasema. "Zambarau mbivu. Cheri imejaa. Nyororo, haina makeke. Mimi ningechukua hii."

Msimamizi akanusa. Tabasamu likamtoka. Akaonja tone moja, akalirudisha kwenye glasi. Shangazi naye akanusa, akaisukuma glasi mbali kama imemng'ata.

"Mwanangu, unatania?"

Ulimi akawatazama mmoja baada ya mwingine. Jasho likamchomoza juu ya mdomo.

"Hii imeoza," msimamizi akasema kwa upole. "Samahani, lakini hata mlinzi wangu wa getini angeijua."

"Umeiweka wapi hii chupa?" Shangazi akamgeukia Kidosho. "Si nilikukataza kuingia ghalani?"

"Sijaingia, Shangazi. Nimeichukua hapa hapa rafuni, kama ulivyonielekeza."

Wote wakamtazama Ulimi. Yeye ndiye angeweza kuumaliza ule mjadala kwa neno moja. Kidosho akamwinamia sikioni kama anayetaka kuchukua glasi, akanong'ona:

"Sema. Chochote ulicho nacho, kiseme."

Ulimi akajifuta mdomo.

"Labda..." alianza, macho yake yakiwa mezani. "Labda ni ule unyevu wa ghala. Labda ziko nyingine zilizoharibika kipindi kile."

Kidosho alinyanyuka taratibu. Hakulia. Alichukua glasi mbili safi, akaenda nyuma ya kaunta na kuwapa mgongo. Akamimina poti ya kwanza kwenye moja, ya pili kwenye nyingine. Rangi zilikuwa sawa, nyekundu inayoelekea weusi. Akarudi, akaziweka mbele ya mchumba wake.

"Moja ni nzima, moja imeoza. Ipi ni ipi?"

"Kidosho, mbele ya mgeni..."

"Ipi ni ipi?"

"Mkwe, unafanya nini?" Shangazi akauliza.

"Shangazi, mwache ajibu. Si ndiye Ulimi?"

Alinusa ya kushoto. Akanusa ya kulia. Akarudia ya kushoto, akanywa, akanywa ya kulia. Glasi zikagongana, poti ikamwagika kwenye kitambaa cheupe. Mwishowe akaziweka zote mbili chini.

"Sisikii," akasema.

"Husikii nini?" Shangazi akasogea mbele.

"Harufu. Yoyote. Tangu yale mafua yaliyonilaza kitandani. Sisikii kahawa, sisikii moshi, sisikii hii."

Shangazi akashika kifua. "Na ule mzigo ulioupitisha? Ulioleta maneno?"

"Niliupitisha hivyo hivyo."

Hapo ndipo Kidosho alipovua aproni. Aliikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti.

"Mpenzi, subiri nikueleze..."

"Nimeelewa. Wewe ndiye uliyepitisha. Mimi ndiye niliyevuliwa kazi mbele za watu. Na leo, tena, umenitupa mimi shimoni ili wewe upite juu."

Akatoka. Msimamizi naye akainuka, akasema kwa adabu kwamba atarudi wakishatulia.

Kidosho hakurudi chumbani kwake. Alikwenda kwa mama yake. Njia nzima simu ililia, hakuipokea. Ujumbe ukaingia:

"Yule mwanamke ni daktari wa pua. Ananifundisha kunusa upya kwa vichupa vya waridi, limau na karafuu. Nilimficha kwa jina la fundi kwa sababu niliona haya. Naapa hakuna kingine. Namba yake ni hii, mpigie."

Akasimama kando ya barabara akajibu:

"Pua ningekusamehe pale pale. Ghala je?"

Alama ikaonyesha anaandika. Ikapotea. Ikarudi. Ikapotea. Jibu halikuja.

Mama yake alisikiliza habari yote bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Daktari kweli?"

"Nimempigia, mama. Ni daktari kweli."

"Basi. Mwanamume asiyenusa anaoleka. Baba yako alikuwa anakoroma kama mashine ya kusaga, nikaolewa nikanyamaza. Lakini anayekusingizia ili yeye abaki msafi..."

"Ndipo hapo ninapokwama."

"Unampenda?"

"Ningekuwa simpendi ningekuwa nimelala, mama."

Wakaanza kuwapigia simu walioalikwa, mmoja mmoja, kuwaambia harusi imeahirishwa, bila maelezo. Aliyeuliza sana aliambiwa ukumbi una matatizo.

Siku chache baadaye, asubuhi, Shangazi akabisha hodi. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, bila mkufu wala manukato. Alikataa kiti.

"Nimekuja kuomba radhi, na kuomba radhi sikuzoea, kwa hiyo nisikilize kabla sijageuza mawazo," alisema. "Nilikuhukumu kwa mdomo wa mtu mmoja. Nilikudhalilisha mbele ya wenzako. Nisamehe."

Kidosho aliinamisha kichwa. "Nimekusikia, Shangazi."

"Na yeye amesimama mbele ya wafanyakazi wale wale, akasema kila kitu. Sikumwagiza. Kisha akawapigia wateja waliorudisha mzigo, mmoja baada ya mwingine. Wengine walimtukana. Nilikuwa nasikia matusi kutoka upande wa pili wa duka."

"Amekutuma?"

"Angenituma ningemchapa vibao. Mimi nataka mtunza ghala wangu. Hayo mengine ni yenu."

Kidosho akarudi ghalani. Ulimi alimkuta kwenye korido siku ya kwanza, akampisha njia. "Karibu tena," alisema, na Kidosho akajibu "Asante" kama anavyojibiwa mpita njia.

Msimamizi wa hoteli aliporudi, Shangazi aliagiza chupa nyingine ya ile poti ya pili, safi kutoka kwenye mzigo mpya. Akamwita Kidosho akae mezani.

"Leo ataonja yeye."

"Na bwana mtaalamu?" msimamizi akauliza.

"Nipo," Ulimi akasema kutoka kwenye kaunta. "Lakini mimi sina pua, bwana. Siku ile nilikudanganya. Nikikaa, nitakuambia tu kile ambacho ulimi bado unakijua."

Msimamizi akamsogezea kiti. "Kaa."

Kidosho akanusa ya kwanza. "Cheri, kama ulivyosema siku ile. Ina haraka, inakuja yote mara moja."

"Mimi napata sukari nyingi," Ulimi akasema. "Na pombe inachoma kooni kabla ya wakati."

"Ya pili," Kidosho akaendelea, "ni zambarau. Halafu, ngoja... chokoleti. Na kitu kama majani makavu ya chai. Inakaa."

"Sukari imepungua. Inakausha fizi kidogo, halafu moto unashuka taratibu. Mtu akishashiba hataichoka."

Msimamizi alionja zote mara mbili. Kisha akagonga meza kwa kidole. "Ya pili. Na nyie mje wawili mnapoonja mizigo yangu. Mmoja peke yake simtaki."

Shangazi akamsindikiza mgeni mpaka kwenye gari, na hakuona haraka ya kurudi.

Mezani walibaki wawili, na glasi zenye masalia mekundu.

"Swali moja," Kidosho akasema. "Siku ile ningenyamaza, ungeniacha niubebe ule mzigo mpaka lini?"

Zamani Ulimi asingekosa jibu. Angeshika mkono wake, angetafuta neno tamu. Safari hii alizisogeza glasi pembeni.

"Sijui," akasema. "Nimejiuliza kila siku. Nataka kukuambia ningesema kesho yake, lakini sijui. Niliogopa. Bila pua niliona mimi si mtu, na nikaona bora uanguke wewe kuliko kuanguka mimi. Hicho ndicho nilichokifanya."

Kidosho akavuta pumzi ndefu. Machozi aliyoyazuia tangu siku ile yakamshuka, hakuyafuta.

"Hilo limeniuma kuliko yote uliyowahi kuniambia."

"Najua."

"Na ni la kwanza nililoliamini tangu uugue."

Akavuta ile glasi ya pili, akaimiminia poti kidogo, akaiinua mpaka kwenye midomo ya Ulimi.

"Onja. Unasikia nini?"

Ulimi akanywa, macho wazi safari hii, akimtazama yeye.

"Utamu. Moto kidogo. Na mkono wako unatetemeka."

"Basi ushike," Kidosho akasema.