Rehani ya Mzee Mahamudi

Goma nzima ilikuwa njiani kukimbilia Sake, kila mtu na godoro lake, na Luc kakumbatia mikebe miwili iliyopandwa basilic, majani ya kiungo. Msichana aliyevaa kitenge cha bluu na mtandio uliochafuka majivu akamcheka palepale katikati ya msongamano.

"Mutu anakimbia volcan na majani?"

"Hii njo kazi yangu, mama. Nauzishaka ku mahoteli."

Akainama kunusa. "Yetu ya nyumbani iko na majani madogo na shina ya zambarau. Tunaita rehani. Hii yako inanukia mchuzi."

Alikuwa Umi, binti wa mzee Mahamudi, mfanyabiashara Mwislamu wa mtaa wa Mapendo mwenye asili ya Kasongo. Kabla hawajafika Sake, Luc alikuwa keshanasa. Hata mlima unaowaka aliusahau.

Wakapendana miaka, kwa simu na kwa kuibia, mpaka Luc akakubali kusilimu na mzee akalegea. Katika ukoo wao, mposaji hupewa mche wa rehani autunze hadi siku ya posa. Mche ukirudi bila maua, maana yake amekataa. Hilo hakuna aliyemwambia Luc. Kwao hata watoto wanalijua, wakadhani naye analijua.

Aliulea ule mche kama yai. Lakini mazoea yana taabu: basilic ikichanua majani hupungua na kuwa machungu, kwa hiyo muuzaji hukata kila ua linapochomoza. Rehani nayo akaikata hivyo hivyo, ikatanuka ikawa kichaka. Siku ya posa, katika shati jeupe lililonyooshwa, akaiweka mezani kwa fahari.

Mzee Mahamudi aliitazama, akasimama. "Tumeelewa, mutoto wangu."

Siku hizo vita vilikuwa vimekaribia: waasi walikuwa wameshaishika Sake na mabomu yanasikika mjini. Jioni ile familia nzima ikapanda boti kwenda Bukavu.

Goma ilikwisha kuanguka mikononi mwa waasi simu ya Luc ilipoita.

"Ulinikataa mbele ya baba," Umi alisema.

"Cheri, nilikata maua juu majani izidi. Njo vile tunafanyaka."

Umi akacheka huku analia. "Luc wangu. Na miye sikukuambia."

"Nakuja Bukavu."

"Tulishafika Kindu. Baba alishanitoa kwa Ridhwani, kijana wa ukoo wetu. Ndoa iko kesho."

Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, na barabara zote mikononi mwa wenye bunduki. Luc akakaa chini, simu sikioni.

"Kata simu, bebe," Umi akanong'ona. "Miye siwezi."

Luc naye hakuweza. Wakabaki wanasikilizana pumzi, mpaka unite za simu zikaisha.