Fuwele za Farida

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia kitu kikikwaruza: krr, krr, kinatulia, kisha krr tena. Nikadhani panya ameingia kwenye gunia la mchele. Nikajifunga kanga, nikachukua ufagio, nikanyata hadi sebuleni.

Hakukuwa na panya. Alikuwa mjukuu wangu Farida, ameinama mezani na wembe mkononi, anakwangua ukurasa wa daftari. Tochi ya simu alikuwa ameifunika kwa mtandio ili mwanga usifike chumbani kwangu. Hata katika shida yake alikuwa ameufikiria usingizi wangu.

"Farida, wembe wa nini saa hizi?"

Alishtuka. "Bibi! Hakuna kitu. Nasahihisha tu."

"Mtu anasahihisha gizani?"

Hapo machozi yakamtoka.

Farida yuko mwaka wa pili chuoni, hapa hapa Mtwara, anasoma kemia. Tunaishi wote Mtawanya tangu alipokuwa darasa la kwanza. Muhula huu wana somo la maabara, ambako wanachanganya kemikali hatua kwa hatua mpaka wapate kitu kipya. Juzi walitengeneza aspirini, dawa ya kutuliza maumivu. Inatoka kama chembechembe nyeupe zinazong'aa, wao wanaziita fuwele. Daftari lilitakiwa kwa mwalimu wao, Dokta Yustina, saa mbili asubuhi ile, na anayefeli somo hilo hurudia mwaka mzima.

"Kwa hesabu," alisema huku akipangusa macho, "kemikali niliyoanza nayo haiwezi kutoa zaidi ya gramu mbili nukta sita. Mimi nimepata tatu nukta moja!"

"Si vizuri, umepata nyingi?"

"Haiwezekani, bibi! Ni kama upeleke debe moja la mahindi mashineni, urudi na madebe mawili ya unga. Dokta Yustina atajua nimeharibu. Brian, mwenzangu wa darasani, kaniambia niandike mbili nukta mbili. Eti nani atapima tena?"

Mimi kemia siijui. Nilivuta kigoda, nikamuuliza ninachokijua.

"Hizo fuwele uliziosha?"

"Kwa maji baridi. Kisha nikazichuja."

"Ukazianika?"

"Muda ulikuwa umekwisha, na wenzangu walikuwa wanangoja mizani. Nilizipima hivyo hivyo."

"Mwaka mmoja kule shambani Mpapura," nikamwambia, "niliharakisha korosho kabla ya mnada. Zilikuwa zimenyeshewa, nami nikazianika siku moja tu. Gunia lilikuwa zito, nikaona leo nimewapita wote! Karani wa chama cha ushirika akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akaniambia, 'Mama, umeniletea maji. Rudi ukaanike.' Nilirudi na gunia langu kichwani, watu wote wananitazama."

Farida aliinua kichwa. "Maji! Bibi, nimepima maji!"

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akagusa pale alipokwangua. Karatasi ilikuwa imelegea, karibu kutoboka.

"Na hapa je? Tumekatazwa kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika pembeni, kosa lenyewe lisomeke. Nimeshavunja sheria."

"Basi mwambie kabla hajaona."

"Siwezi, bibi."

"Tutakwenda wote."

Tukapanda bajaji. Daftari alilikumbatia kifuani njia nzima. Getini akanitazama kama siku ile nilipomwacha darasa la kwanza. Nikamwambia, "Nenda. Nipo hapa." Akaenda.

Mlinzi, kijana anayeitwa Emmanueli, aliniamkia, akanipa kiti chake mwenyewe. Yeye akasimama. Saa tatu ikapita, kisha saa nne. Wanafunzi wengine walitoka wakitaniana, Farida simwoni. Nilianza kufikiri kwamba nimemponza. Kama angeandika kile alichoambiwa na Brian, si sasa angekuwa nyumbani anakunywa chai? Emmanueli aliniona ninavyovuta tasbihi haraka haraka, akaniletea maji. "Usiwe na wasiwasi, bibi. Dokta Yustina ni mkali, lakini hamli mtu."

Ilikaribia adhuhuri Farida alipotoka, na mwalimu wake pembeni, mama mrefu mwenye koti jeupe.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye Yustina."

"Marahaba, mwanangu. Niambie upesi, moyo wangu umechoka."

"Nimemkata alama kwa kukwangua daftari, na hilo amelikubali," alisema. "Lakini alikuja kuniambia mwenyewe, kabla sijafungua ukurasa. Fuwele zake zilikuwa bado kabatini. Tumezikausha, tukapima, tukazirudisha kwenye joto, tukapima tena, mpaka uzito ukaacha kushuka. Amepata gramu moja nukta tisa. Ni aspirini safi."

"Kwa hiyo harudii mwaka?"

"Harudii. Na Brian naye amerudi kuniomba daftari lake kidogo, sijui anataka kusahihisha nini."

Farida aliziba mdomo asicheke.

Dokta Yustina akamshika bega. "Farida, hii ni dawa. Siku moja utapima dawa atakayomeza mtoto wa mtu. Namba ya uongo ingenifurahisha mimi leo, lakini yule mtoto ingemdhuru. Ukiniachia kosa lako nilione, najua pa kukusaidia. Ukilikwangua, nitakusaidiaje?"

"Nimeelewa, Dokta."

Nilimrudishia Emmanueli kiti chake na kumshukuru. Tulipogeuka kuondoka, Dokta Yustina akatufuata hatua mbili tatu.

"Bibi, wiki ijayo nafundisha kundi jipya, na kila mwaka kuna wanaopima maji. Hiyo habari ya gunia la korosho aliyonisimulia Farida nataka waisikie kutoka kwako. Tafadhali, njoo ututembelee tena."