Mikono Mikavu ya Egesa

Kila alipotoka shuleni Busia, Nasirumbi alitazama barabarani kumtafuta Egesa. Kijana huyo alipeleka samaki wakavu Tororo kwa baiskeli, na aliporudi bila mzigo alimbeba Nasirumbi hadi njia panda ya kwao. Egesa alimpenda Taaka, dada yake Nasirumbi, na jambo hilo alilijua kila mtu kijijini, labda isipokuwa mbuzi. Taaka alimsalimu tu kama alivyowasalimu watu wengine.

Mwaka uliofuata uhuru wa Uganda, wazazi wa Egesa walileta posa. Mzee Oguttu, baba wa wasichana hao, aliifurahia, lakini alisema hamwozi mtu kwa nguvu. Kwao, kumuuliza binti ilikuwa kazi ya shangazi. Lakini siku hiyo Shangazi Loice alikuwa amevimba mguu, akamtuma Nasirumbi.

Taaka alikuwa akipepeta wimbi. "Mwambie shangazi sitaki," alisema. "Egesa ni mtu mwema, lakini moyo wangu haumtaki."

Njiani Nasirumbi aliiwaza ile baiskeli. Egesa akikataliwa, nani atambeba tena? Akikubaliwa atakuwa shemeji, na Taaka atamzoea tu.

"Amekubali," alimwambia shangazi, macho makavu kabisa.

Jumamosi wageni wa upande wa Egesa walifika na ng'ombe wa mahari, wakapokewa kwa vigelegele. Taaka aliwachungulia kutoka jikoni, akaketi chini na kulia. "Kumbe baba aliniuliza bure," alisema. "Amekwisha niuza."

Nasirumbi alitamani ardhi immeze. Baba yake, aliyekataa kumlazimisha mtu, sasa alionekana mwongo kwa sababu yake.

Ilikuwa desturi yao kwamba binti aliyekubali huwanawisha wageni mikono, akianza na mchumba. Egesa, katika shati jipya, alikuwa amekwisha kunyoosha mikono juu ya beseni. Watu walingoja. Mikono ile ilibaki hewani, na kijana akaanza kutokwa na jasho.

Nasirumbi aliingia bila birika, akapiga magoti.

"Baba, Taaka alisema hataki. Mimi nilisema uongo. Nilitaka kupandishwa baiskeli."

Mtu mmoja alicheka. Egesa alirudisha mikono yake, akaipangusa kwenye suruali ingawa ilikuwa mikavu.

"Ningeambiwa mapema," alisema taratibu, "ningelia kwetu."

Maneno hayo yalimchoma Nasirumbi kuliko fimbo. Mzee Oguttu aliwaomba wageni radhi, akawasindikiza mwenyewe hadi barabarani, ng'ombe wao akitangulia. Aliporudi alikwenda jikoni kwa Taaka, wakaongea mpaka machozi yakakauka.

Jumatatu Nasirumbi alisikia kengele ya baiskeli nyuma yake. Alijisogeza kwenye nyasi, uso chini.

"Habari ya shule?" Egesa aliuliza kwa upole, akapita bila kusimama.

Upole huo ulimliza. Shangazi Loice alimkuta bado ana machozi, akamketisha karibu naye.

"Mimi pia nilikosa. Ningekwenda mwenyewe kwa Taaka, hata kwa kutambaa," alisema. "Lakini wewe sikia, mwanangu. Mtu akikupa neno lake ulipeleke, lifikishe kama alivyolisema. Umetaka kupanda baiskeli, na mwenzako ameaibika mbele za watu. Yeye hakukosea kitu. Alipenda tu."