Leseni Kwanza, Sauti Baadaye

Mama Cherehani alikuwa akishona sare za shule sebuleni. Mumewe, fundi rangi, akashuka mbio kutoka juu ya paa.

"Antena imesimama!" alisema. "Leo kaka yako atajua kuwa ni mjomba!"

Kaka yake Mama Cherehani alipima hali ya hewa katika kisiwa cha mbali. Simu hazikushika huko. Mtoto alizaliwa, akaota meno, na mjomba hana habari. Ndipo mwenzake wa kazi, aliyemaliza zamu yake kule, akawaletea redio ya mawasiliano, zawadi kutoka kwa kaka huyo.

Mama Cherehani akashika kipaza sauti.

"Ngoja, shoga yangu!" Jirani alikuwa mlangoni, amefuata gauni lake. Zamani aliendesha redio bandarini. "Una leseni?"

"Leseni ya nini? Redio si yangu?"

"Redio ni yako, mawimbi ni ya wote. Ukinunua gari, unaingia barabarani bila leseni? Ukibonyeza ovyo, utaziba mawasiliano ya magari ya wagonjwa."

Mama Cherehani akakiachia kipaza sauti kama pasi ya moto.

"Hapa kwetu kusikiliza ni ruhusa," jirani alieleza. "Kurusha sauti, hapana, mpaka ufaulu mtihani. Mamlaka ya mawasiliano itakupa leseni na alama yako ya utambulisho. Unaitaja unapozungumza. Tena unatumia masafa uliyopangiwa tu."

"Nitaweza kutangaza nguo zangu?"

"Thubutu! Redio ya ridhaa, kama hii yako, si ya biashara. Si ya kupiga muziki, wala matusi, wala maneno ya siri."

"Na kuwasengenya mawifi?" mume alichokoza.

"Wasengenye, dunia nzima ikusikie!"

Wakacheka mpaka mtoto akaamka.

Mama Cherehani akaanza kusoma. Alikariri kanuni huku akikanyaga cherehani. Mumewe alimhoji mezani, na mara nyingi aliyekosea ni muulizaji! Siku ya mtihani ilipofika, alifaulu.

Leseni ilipotoka, alikaa mbele ya redio, mtoto mapajani. Akataja alama yake. Akaita. Akaachia kitufe.

Mivumo mitupu.

Akaita tena. Sauti nyembamba ikapenya, ikatamka alama yake herufi kwa herufi. Kisha: "Dada! Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka! Nina leseni! Na wewe ni mjomba!"

Redio ikanguruma kwa kelele. Kule kisiwani, kaka mtu alikuwa akiwapigia wenzake ukelele: "Njooni! Mimi ni mjomba, jamani! Mjomba!"