Kamba Iliyovutwa kutoka Ndani

Mjomba wangu anatengeneza injini za boti, na kwa jinsi nguo zake zinavyonuka, watu wamesahau jina lake wakabaki kumwita Grisi. Karakana yake ni kontena kuukuu la chuma karibu na gati, lenye mlango mmoja na tundu la hewa lisilotosha ngumi. Si mtu wa kutishika. Ukimletea habari za majini, atakuuliza kama majini hayo yanaweza kumshikia tochi.

Asubuhi moja tulivu, mjane mmoja alifika na shemeji yake wakisukuma injini kwenye mkokoteni. Ilikuwa ya marehemu mume wake, aliyekuwa akivusha watu ziwani. Alikutwa katikati ya maji, boti inaelea, mkono bado umeshika kamba ya kuwashia. Moyo ulichoka, walisema hospitali.

"Kamba inakwama," shemeji alisema. "Ukivuta haitoki, ikitoka hairudi. Naitaka leo, fundi. Kazi ya kaka sasa ni yangu."

Mjane alingoja mwenzake ageuke, akainama kama anayeokota kitu. "Usiivute ukiwa peke yako," alinong'ona.

Grisi alicheka kidogo. Mjane hakucheka.

Walipoondoka, Grisi alifungua boliti, akainua kifuniko cha stata, pale kamba ya kuwashia inapojiviringisha. Alitarajia kutu, na kutu akaikuta. Lakini katikati ya mizunguko ya springi palikuwa na kitambaa cheusi, kimefungwa mafundo mafundo, kimeviringishiwa nywele. Kitambaa hakiingii humo chenyewe. Kuna mkono uliofungua stata ile, ukakiweka, ukafunga tena.

Akakichomoa kwa koleo, akakitupa sakafuni. Akaosha springi kwa petroli, akaipaka grisi, akatia oili kwenye vimeno vinavyong'ata gurudumu, akakata kamba mpya na kuizungusha kwenye kapi. Kazi safi. Injini ikiwa kwenye stendi, bila tangi la mafuta, akashika mpini ajaribu kamba tu.

Ikatoka nusu. Ikasimama.

Kisha ikarudi. Si kwa kasi ya springi. Ilirudi taratibu, mkono baada ya mkono, kama mtu anavyopandisha ndoo kisimani.

Mlango wa kontena ukajifunga.

Grisi akaachia mpini. Kamba haikumwachia. Ilikuwa imemzunguka kifundo cha mkono, na hakuona ilizunguka lini. Alivuta. Ikamvuta. Akanyoosha mguu, akaupiga mlango mateke. Nje alisikia watu wakipita, wakitaniana. Akaita. Hakuna aliyepunguza hatua. Joto likapanda, chuma kikaanza kuchoma. Na ndani ya injini, pale ambapo hapatoshi hata panya, mtu alikuwa akihema.

Pumzi za mtu aliyechoka. Aliyechoka sana.

"Vuta," ikanong'ona.

Alivuta hadi jasho likamwingia machoni. Kila alichopata kilirudishwa. Mwisho akapiga magoti, uso karibu na chuma.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi ni fundi tu. Nani alikufunga humu?"

Pumzi zikakatika.

"Mdogo wangu."

Kamba ikalegea kidogo. "Tuvute wote," sauti ikasema.

Wakavuta wote. Injini ikanguruma bila tone la petroli, kontena zima likatetemeka. Kamba ikamwachia mkono. Mlango ukafunguka.

Shemeji alikuwa amesimama kizingitini, mjane nyuma yake. "Naona imepona," alisema kwa furaha. Kisha akaona kitambaa sakafuni. Uso ukamshuka.

"Nani amekwambia ukitoe?"

"Kumbe ulijua kimo ndani," Grisi akasema.

Shemeji alipishana na Grisi aliyekuwa akipepesuka kutoka nje, akaingia kukiokota. Mlango ukamfungia.

Grisi na mjane walining'inia kwenye komeo. Halikusogea. Ndani, injini ilizima. Kisha wakasikia kamba. Ikivutwa. Ikirudi. Ikivutwa. Na sauti ya shemeji, ndogo, ikisema, "Kaka. Kaka, basi." Ikivutwa. Ikirudi.

Halafu ikavutwa, na haikurudi.

Mlango ukafunguka wenyewe. Shemeji hakuwemo. Viatu vyake vilikuwa mbele ya stendi, vimeelekea injini, vimejaa maji hadi mdomoni.

Alitafutwa ziwani, mjini, kwa jamaa wa karibu na wa mbali. Anatafutwa mpaka leo.

Grisi hakuigusa tena injini ile mpaka mjane alipomwomba aifungue, yeye akiwa amesimama pembeni. Akafungua boliti, akainua kifuniko. Kamba mpya ilikuwa imelowa chapachapa, na ncha yake imefungwa fundo la ajabu, lililojizungushia mara mbili na kujimeza, ambalo Grisi hakulifunga wala hajui linavyofungwa.

Mjane akaligusa kwa kidole, akakiacha hapo kwa muda.

"Hilo ni la mume wangu," alisema. "Alikuwa akilifunga gatini, akishafika."